Kumbukumbu ya Fundi Aliyechora Nchi Nzima kwenye Karatasi ya Kaki

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu Alhamisi ile mchana ulipochomeka penseli nyuma ya sikio, ukasema unakwenda kujinyoosha dakika kumi, kisha utarudi kumalizia kola ya shati la mteja. Wewe ulikuwa fundi cherehani uliyetimiza ahadi, na mafundi wa namna hiyo tunajua hawajai kiganja, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kukuangalia mpaka nusu saa ilipopita. Tulikukuta umelala kwa ubavu, viatu umevipanga chini ya kitanda, penseli iko palepale. Mama aliichomoa yeye mwenyewe. Anaitumia mpaka leo kuandikia orodha ya sokoni, na ole wake atakayeichonga vibaya.

Shati lile alilimaliza Mama. Mteja mwenyewe alilivaa siku ya mazishi yako.

Mtaani walikujua kwa suruali. Ukimshonea mtu suruali, alitoka dukani anatembea kama aliyepandishwa cheo. Uliwapima watu bila kuwaaibisha. Mwenye tumbo ulimwambia, "Tuache nafasi ya kucheka," na aliyekonda baada ya ugonjwa ulimwambia, "Tutaikunja ndani kidogo, utakaporudi mwilini tunaiachia." Kila kipande ulichokata ulikiachia inchi moja ya mshono pembeni, na mkono wako ulifanya hivyo wenyewe bila kukiuliza kichwa. Inchi hiyo tutairudia, maana ndiyo iliyotuhangaisha mwaka huu.

Nyumbani tulikujua kwa vita.

Wewe uliyekuwa unamtoa buibui nje kwa kipande cha boksi ili asiumie mguu, ulikuwa na majeshi mawili kwenye makopo, moja la vifungo vyekundu na moja la vifungo vyeupe. Kifungo cha shati kilikuwa kikosi. Kifungo cha koti kilikuwa jeshi kamili. Na kile kimoja cha shaba, kilichodondoka kwenye sare ya mlinzi fulani na mwenyewe asikirudie, kilikuwa jenerali, na kila upande ulikigombania mpaka ukaamua watakuwa nacho kwa zamu.

Kwa wanaosoma haya na hawakubahatika kuuona mchezo wenyewe: kuna nchi isiyokuwepo. Imechorwa kwenye karatasi kubwa iliyotandazwa juu ya meza ya kukatia, ikagawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Kila Jumamosi mchana, duka likishafungwa, majeshi yanasogea chumba kimoja kimoja. Yakikutana mawili katika chumba kimoja, watu wanahamia meza ya chakula. Hapo vitabu vinakuwa vilima, taulo linakuwa ziwa, na vifungo vinapigana kwa dadu. Akipatikana mshindi, mnarudi kwenye ramani kuandika nani kachukua nini.

Wachezaji walikuwa wawili tu. Wekundu walikuwa wa mdogo wako, baba yangu mdogo, dereva wa lori. Weupe walikuwa wa mfamasia wa duka la kule ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima unamwita Dokta ingawa kila siku anasema yeye si daktari. Wewe hukucheza. Ulikuwa mwamuzi, mtabiri wa hali ya hewa, na mwandishi wa historia. Nikikuuliza mbona humiliki hata kikosi kimoja, ulisema nchi yote ni yako, unataka nini tena.

Na kweli ilikuwa yako. Nakumbuka miaka kumi na miwili iliyopita ulivyoichora. Ulikata vipande viwili virefu vya karatasi ya kaki, ile uliyotumia kukatia vielelezo vya nguo, ukavilaza ubavu kwa ubavu juu ya meza mpaka kingo zikagusana. Ulitengeneza kibao cha pembe sita kutoka kwenye boksi la viatu, upana wake inchi mbili kamili, ukaanza kuzungushia penseli, chumba baada ya chumba, wiki nne. Milima uliipitishia lile gurudumu lako la meno la kuhamishia alama za kitambaa, ikaota vidoti vinavyosikika ukipitisha kidole. Misitu ilikuwa mabaki ya kitambaa cha kijani, umeyabandika kwa gundi. Bwawa lilikuwa kipande cha bitana ya koti, na linang'aa mpaka leo.

Hukuchora ovyo. Ulikuwa mtu wa kuuliza. Ulimuuliza baba mdogo lori lenye mzigo linapanda mlima kwa siku ngapi, akakujibu kwa urefu wa saa nzima, kila mlima aliowahi kuupanda. Ulimuuliza Dokta watu wangeugulia wapi zaidi, akakuonyesha pembeni mwa bwawa, ndiyo maana jeshi likilala hapo siku mbili linapoteza kifungo. Mimi uliniuliza mto uanzie wapi, nikasema baharini, ukaniangalia kwa huruma tu wala hukunicheka.

Mama ulimuuliza swali moja. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, kikapu cha nyuzi miguuni, anashona pindo la gauni, maana kazi zote za mkono za duka lako zilikuwa zake.

"Pima Tena," ulimwita, "hawa watu wa nchi yangu wangejenga wapi mji?"

Hilo jina nalo lina kisa chake, na kwa kuwa umeshatutoka tunakitoa hadharani. Siku ya kwanza Mama alipokuja kushonesha gauni, ulimpima kiuno ukasahau namba kabla hujaiandika. Ukaomba upime tena. Ukasahau. Ukaomba tena. Mara ya tatu akakwambia akuandikie yeye. Mtu aliyekumbuka vipimo vya wateja mia bila daftari alishindwa kukumbuka kiuno kimoja. Tangu hapo ukamwita Pima Tena, lakini ndani ya nyumba tu.

Mama hakuinua hata macho. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Watu wanajenga njia zinapokutana. Sasa wangejenga wapi kwingine?"

Uliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa dawa ikamwingia. Kisha ukainama ukachora. Yeye aliendelea na pindo lake.

Kesho yake ulivishona vile vipande viwili. Ndiyo, ulivishona, kwa cherehani, mshono mmoja mrefu wa katikati kutoka juu mpaka chini, maana fundi cherehani hajui namna nyingine ya kuunganisha vitu. Ukaufungua mshono ukaupiga pasi, ukabandika utepe wa kitambaa kwa nyuma uwe imara. Kazi safi, huwezi kuamini ni karatasi. Jumamosi hiyohiyo vita vikaanza.

Basi ramani ilipotandazwa, kila mmoja akajitafuta. Baba mdogo alikuta mji unaitwa Gia Mbili, kwa sababu ya anavyoendesha, akanuna dakika tano kisha akauzungushia ngome. Dokta alipewa mji wa Mara Tatu kwa Siku. Mimi niliyekuwa nachelewa kila mahali nilipewa kijiji cha Nakuja, mbali kabisa, kona ya kusini. Paka wa jirani aliyekuwa anakuja kulalia vitambaa alipewa kisiwa.

Mama alivaa miwani akaanza milimani, akashuka na mto, akazunguka bwawa, akatokea upande wa pili. Akavua miwani.

"Mimi siko," alisema.

"Upo," ulimjibu. "Tafuta."

Hayo maneno mawili, Baba, uliyasema miaka kumi na moja. Kila alipokuuliza ulimjibu hivyohivyo, na kila ulipomjibu uliinamia kazi haraka. Ikawa utani wa nyumba. Mgeni akija akiuliza ramani hii ni ya nini, Mama humwambia, "Ni ya nchi ambayo paka ana kisiwa na mimi sina hata choo." Watu wanavunjika mbavu. Wewe ulicheka pia, lakini nikikumbuka sasa, ulicheka nusu.

Halafu zilikuwepo zile njia. Njia tano nzuri nyekundu zilitoka pande zote za nchi, zikaenda, zikaenda, zikafika kwenye mshono wa katikati zikakatika. Ng'ambo ya mshono zilianza tena, lakini haziendani. Mto nao ulifika pale ukaruka. Tulipokuuliza ulisema mjenzi wa barabara alistaafu kabla hajamaliza, na mto unapita chini ya ardhi kidogo. Ukatunga na sheria: pale kwenye mshono ni Bonde la Ukungu, jeshi linalovuka linapoteza zamu moja. Baba mdogo alipotelea hapo mara nyingi kuliko alivyowahi kupotea barabarani.

Mama yeye alisema tu, "Nilimwambia njia zikutane. Kazikata zote." Akaacha.

Tungependa watu wajue ulivyokuwa mwamuzi. Ulikuwa mkali. Dadu ikidondoka chini hairushwi tena, na jeshi lisilo na njia ya chakula linarudi nyuma hata kama baba mdogo amelia. Lakini mwaka ule Dokta alipofiwa na mkewe, Wekundu walikuwa wameshafika kwenye lango la Mara Tatu kwa Siku, wamebakiza zamu moja. Jumamosi ya kwanza Dokta hakuja. Ulirusha dadu ya hali ya hewa ukafunika kwa kiganja, ukachungulia, ukatangaza mvua kubwa: majeshi yote yakae yalipo. Jumamosi ya pili, mvua. Ya tatu, mafuriko. Wiki tisa, Baba, hakuna kifungo kilichosogea.

"Kaka, mvua gani hii isiyokatika?" baba mdogo aliuliza.

"Mimi nasoma dadu tu," ulimjibu.

Jumamosi ya kumi Dokta aliingia, akaketi. Ulirusha dadu, ukaiacha wazi mezani safari hii. Kukawa na jua. Dokta akapoteza mji wake siku hiyohiyo, na akatwambia baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Kwenye daftari lako la historia umeandika, "Mvua, wiki tisa," na hakuna maelezo mengine.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini ulipoondoka hakuna aliyeweza kurusha dadu. Baba mdogo alikunja ramani, akaifunga kwa tepu yako ya kupimia, akaisimamisha nyuma ya mlango wa duka. Jumamosi zikawa siku za kawaida. Tuliona haya hata kuitaja.

Wiki moja baada ya kukuzika, mimi na Mama tulikuwa tunakunja mashati yako. Alikunja matatu. Kwenye la nne akasema, "Unajua, ule haukuwa utani."

"Upi, Mama?"

"Ule wa ramani. Nilikuwa nauliza kweli." Aliunyoosha mkono wa shati, akaukunja, akaunyoosha tena. "Nimekaa naye miaka thelathini na nane. Amenishonea kila nguo niliyovaa. Sidai kitu. Ila amekaa akafikiria watu wake wote mmoja mmoja, akawaandika, na mimi akaniruka. Kisha akawa ananiambia nitafute, kama mtoto. Ningependa kujua nilimkosea nini."

Nilimwambia pengine ulisahau. Hilo lilikuwa jibu baya kuliko kunyamaza, na nililiona usoni kwake.

Mwezi wa tisa wa msiba, Dokta alikuja na baba mdogo. Walikuwa wamekubaliana njiani, kila mmoja akimsukumia mwenzake kusema. Mwishowe Dokta akasema, "Shemeji, tunaomba tuitandaze tu. Hatutacheza. Tuione." Mama akawaambia waitandaze, yeye ana mapindo yake.

Waliitandaza juu ya meza ya kukatia. Iliyokuwa imekunjwa muda mrefu ikawa inajikunja, wakaibana kwa pasi na mkasi. Walisimama wakiiangalia kama watu waliorudi kijijini wakakuta nyumba ziko zilezile. Baba mdogo akapitisha kidole milimani, vidoti vikasikika. Dokta akafuata njia moja nyekundu mpaka kwenye mshono.

"Hizi njia hazijawahi kuniingia akilini," alisema. "Mtu aliyepima kila kitu, hizi zinaishia hewani."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao, sindano bado mkononi. Akasogea. Akaweka kiganja juu ya mshono, akapitisha kiganja kingine kwa chini, akawa kama anayepima unene wa pindo. Akabaki hivyo.

"Dokta," alisema, "ulikuwepo siku anashona hii?"

"Nilikuwepo."

"Alichora kwanza ndipo akashona, au alishona ndipo akachora?"

"Alichora kwanza. Vipande vilikuwa vimelala hapahapa, kingo kwa kingo. Kesho yake akashona." Dokta akafikiri kidogo. "Alipomaliza kuipiga pasi alisimama akaiangalia muda mrefu sana. Nikamuuliza kulikoni. Akasema hamna kitu, tucheze."

Mama akakaa kwenye kiti. Akasema kwa sauti ndogo, "Ameacha inchi."

Sisi hatukuelewa. Ikabidi atueleze kama anavyowaeleza wateja. Nguo unaikata kubwa kuliko kipimo, inchi moja kila upande, kwa sababu mshono utaila. Wewe ulichora nchi yako mpaka ukingoni kabisa, bila nafasi, kisha ukakaa kwenye cherehani na mkono wako ukafanya ulichofanya kwa miaka arobaini. Ukashona inchi moja ndani. Inchi moja ya upande huu, inchi moja ya upande ule. Safu nzima ya vyumba ilikunjwa nyuma ikafunikwa na utepe, katikati kabisa ya nchi. Fundi wa viatu asingefanya kosa hilo, wala mwalimu wa jiografia. Ilihitaji fundi cherehani mzuri.

"Nileteeni wembe," Mama alisema.

Baba mdogo aliweka mikono yote miwili juu ya ramani. "Hapana, shemeji. Hii ni karatasi, si gauni. Imetobolewa na sindano juu mpaka chini. Ukigusa huo uzi inaachana, na ikiachana haishoneki tena. Kaka aliiacha nzima. Mimi sina kitu kingine chake alichokigusa kila wiki."

"Ikichanika nitaiziba."

"Utaziba nini? Matundu juu ya matundu?"

Mama hakupandisha sauti. "Shemeji, wewe unao mji. Una daraja na ngome mbili. Dokta anao wake, binti yangu anao, paka anacho kisiwa. Mimi nataka kuangalia ndani ya inchi mbili. Kama hakuna kitu, nitajua hakuna kitu, na ramani iliyochanika utaichukua wewe."

Baba mdogo aliiangalia ramani, akamwangalia Mama, akaondoa mkono mmoja, halafu wa pili. Akaenda mwenyewe kwenye droo yako, akaleta wembe, akaufuta kwa kitambaa kabla ya kumpa.

Ilimchukua alasiri tatu. Ya kwanza aliulainisha ule utepe wa nyuma kwa kitambaa chenye unyevu na pasi ya uvuguvugu, akaubandua kidogo kidogo. Ya pili alianza uzi, anaukata kila baada ya matundu matatu, anauvuta kwa sindano, anaweka selotepu kwa nyuma, anasogea. Karibu na milima ikachanika, urefu wa kidole. Baba mdogo alitoka nje akazunguka mtaa mzima kabla ya kurudi. Mama akaiziba akaendelea. Hakuruhusu mtu kufungua kilichoachia. Alisema kama ni kuona, ataona yote kwa pamoja.

Siku ya tatu uzi wa mwisho ulitoka. Alivilaza vipande ubavu kwa ubavu, kingo kwa kingo, kama ulivyovilaza wewe, akaipiga pasi ile mikunjo miwili. Kisha akavaa miwani.

Njia zote tano zilikutana, Baba. Ya kutoka Gia Mbili, ya kutoka Mara Tatu kwa Siku, ile ndefu ya kutoka kwangu Nakuja, hata ile ya kivuko cha paka. Mto ulinyooka ukapita pembeni, haukuwa umeruka kitu. Na pale zilipokutana palikuwa na mji mkubwa kuliko miji yote ya nchi, vyumba vitatu, nyumba umezichora moja moja na madirisha yake. Mji pekee usio na ngome. Karibu na njia kuu kuna nyumba yenye mlango wazi, na mlangoni kuna kiti, na chini ya kiti kuna kikapu. Juu yake, kwa zile herufi zako za kibao cha duka, umeandika PIMA TENA.

Mama alichukua tepu, akapima kutoka mjini mpaka ukingo wa kushoto. Akapima mpaka ukingo wa kulia. Akarudia kushoto, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri.

"Katikati kabisa," alisema.

Kisha akaanza kukutukana, kwa upole, kama alivyokuwa akifanya ukisahau pasi kwenye moto. Mzembe wewe. Fundi mzima, mtaa wote unakuamini, unasahau inchi. Unaniacha nazunguka bwawa miaka kumi na moja na miwani yangu. Alisema mengi, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye meza, akawa anayafuta haraka yasifike kwenye karatasi. Mwisho akaweka kidole pale njia zinapokutana.

"Kumbe alinisikia," alisema.

Hatujui kwa nini hukumwambia. Dokta anadhani uliogopa kuichana ramani na vita vimeshaanza. Baba mdogo anadhani ulitaka kuchora nyingine. Mimi nadhani uliona aibu, kwa sababu nakujua, na kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa la kazi yako. Ulimwambia ukweli ulioweza kuusema. Tunakusamehe, ila Mama amesema mkionana mtalizungumza.

Sasa habari za nchi. Ramani imebandikwa upya kwa kitambaa nyuma, bila mshono, imepanuka inchi mbili. Kidonda cha milimani kinaonekana, na tumekubaliana ni ufa wa tetemeko. Bonde la Ukungu limefutwa. Jumamosi zimerudi, na mimi ndiye ninayerusha dadu, nikiiacha wazi. Baba mdogo na Dokta walipendekeza kwa heshima kubwa kwamba Pima Tena uwe mji wa amani, hakuna jeshi kuingia. Mama akauliza kwa nini. Alikwenda kwenye kopo lake, akatoa vifungo vya kijani vya lile gauni la kwanza, la kiuno kile, akavipanga katikati ya nchi. Mwenye kukaa njia panda, alisema, anafika kila mahali kwa zamu moja. Jumamosi ya tatu alichukua daraja la Gia Mbili. Jenerali wa shaba yuko kwake, na habari za zamu hataki kuzisikia.

Wanaokukumbuka ni mkeo, mwenye mji. Mdogo wako, anayejipanga kulirudisha daraja. Mimi binti yako, ambaye siku hizi nafika mapema. Mkwe wako na wajukuu wako wawili, walioomba kisiwa kama cha paka na wamepewa. Dokta, aliyesema aandikwe pamoja na ndugu, na ni ndugu. Na wateja wako wote waliovaa kilichopita mikononi mwako.

Penseli yako iko kwenye kikapu cha Mama, pale mlangoni. Ulimwambia yupo, naye alikuwepo. Tutakukumbuka daima, Baba, na Jumamosi mchana zaidi.